Motere ya Nguvu Inaomba Bwate Gani? Mazungumzo Juu ya Jeep ya Chama

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu wetu, hapa Baraka. Tumeyaandika vile yalivyosemwa, tukapunguza marudio tu.)



Komite iliniomba nizungumze juu ya jeep yetu, ile iliyosimama nyuma ya depo ya mihogo tangu ule mradi ulipofunga na kutuachia. Kila mtu anajua shida yake. Motere inawaka vizuri, sauti yake ni safi, lakini ukiweka D, gari inalia tu mahali ilipo. Haiendi. Bwate imekufa.

Kabla ya kuanza, neno moja juu ya maneno. Sisi tuliokulia Nyarugusu tunasema giaboksi na klachi. Wandugu waliobaki huku wakati wote wa vita wanasema bwate ya vitesi na ambreyaji. Ni vitu vile vile. Leo nitasema bwate, sababu tumerudi nyumbani.

Tena nawaambia wazi: mimi si mekanisie. Nilisoma chuo kikuu mambo ya maendeleo, na kazi yangu ni ya kwenye terrain. Lakini miaka minane nimekuwa mtu wa kutia sahihi: gari itoke ama isitoke, pesi inunuliwe ama isinunuliwe. Nimelala njiani kwa sababu ya sahihi zangu. Ninayowaambia nimeyapata kwa mafundi wavumilivu, kwa vitabu vya gari, na kwa makosa yangu.

NAANZA NA KOSA LANGU

Shirika nililokuwa nafanya kazi zamani lilikuwa na jeep ya otomatiki, yenye motere kubwa. Siku moja asubuhi shofere aliniambia batri imechoka. Nikamwambia: ukirudi jioni tutaangalia. Nikatia sahihi.

Saa kumi jioni, akiwa anateremka toka milimani, alisimama kijiji kimoja kuchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Alizima motere ili wampandishe polepole. Alipotaka kuwasha, batri ikakataa. Basi vijana wa kijiji wakaitwa. Walikuja wengi, kama 20, na moyo wote. Walisukuma gari kwenye mteremko mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Walisukuma saa nzima.

Wandugu, gari ya otomatiki za siku hizi haiwaki kwa kusukuma. Hata muisukume mpaka Uvira. Ndani ya bwate ya kawaida, ile ya ambreyaji, magurudumu yameshikana na motere kwa chuma, kwa hiyo gurudumu likizunguka motere inazunguka. Ndani ya otomatiki wanashikana kwa oili, na oili hiyo inasukumwa na pompa inayozungushwa na motere. Motere ikilala, pompa inalala, hakuna kinachoshika kitu. Shofere hakujua. Mimi pia sikujua.

Mwisho walimbeba kwa tipoyi. Mama alifika hospitali akiwa mzima. Mtoto hakufika.

Siwaambii hivi ili muogope otomatiki. Nawaambia ili mjue kwamba kuchagua bwate si mambo ya vijana wa garaji peke yao. Hii jeep tumesema itafanya kazi mbili: mchana ibebe mahindi, unga na ndakala za wanachama; usiku ibebe wagonjwa. Hiyo kazi ya pili haingoji.

FARASI INADANGANYA

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Jeep yetu ni Land Cruiser 100 ya mazutu, silinda 6, turbo, motere inayoitwa 1HD-FTE. Watu wanapenda kusema: iko na farasi 200! Ni kweli, karibu 204. Lakini farasi peke yake haituambii bwate gani itaweza kuibeba. Kuna namba mbili, na tunatakiwa kuziuliza zote.

Namba ya kwanza ni farasi. Inasema kazi kiasi gani inafanyika kwa dakika: gari itakimbia kiasi gani, itapanda kwa haraka gani.

Namba ya pili ni nguvu ya kuzungusha, ile ambayo Wafaransa wanaita kuple. Inapimwa kwa niutoni-mita, wanaandika Nm. Ni kama nguvu ya mkono wako unapofungua kizibo kigumu cha bidoni. Mkono unaweza kwenda polepole kabisa, lakini unakunja kweli kweli. Na kinachovunja gia na kuteketeza diski za bwate ni huko kukunja.

Motere yetu inatoa karibu Nm 430, tena inazitoa mapema, ikiwa inazunguka mara 1,400 tu kwa dakika. Ndiyo tabia ya mazutu ya turbo: inakunja sana, polepole, muda mrefu.

Mfano mmoja mzuri unatoka kwa Toyota wenyewe. Tangu 2020, Hilux yenye motere ya mazutu ya litre 2.8 inatoka na farasi karibu 204, iwe otomatiki, iwe ya ambreyaji. Motere ni ile ile. Lakini ile ya otomatiki wameiacha ifike Nm 500, na ile ya ambreyaji wameishusha mpaka Nm 420. Farasi sawa, kukunja tofauti. Maana yake kiwanda kinalinganisha motere na kile ambacho bwate inaweza kubeba. Kama wenye kiwanda wanafanya hivyo, sisi ni nani wa kuruka hiyo hesabu?

NDANI YA OTOMATIKI KUNA NINI

Wamama mtanisaidia hapa. Ukikoroga uji kwa nguvu kwa mwiko mmoja, halafu ukasimamisha mwiko wa pili ndani ya sufuria hiyo hiyo, ule wa pili unaanza kutembea na uji. Hakuna aliyeugusa. Uji ndio unausukuma.

Kati ya motere na bwate otomatiki kuna sufuria ya namna hiyo, imefungwa, imejaa oili. Wanaiita konvertisere. Motere inakoroga upande mmoja, oili inasukuma upande wa pili. Ndiyo sababu unaweza kusimama na gari iko kwenye D bila motere kuzima. Na kuna zawadi ingine: gari inapoanza kutoka mahali pazito, konvertisere inazidisha kukunja, inaweza kukaribia mara 2. Kwa kupanda na mzigo, kwa kutoka kwenye matope bila kuruka ruka, otomatiki nzuri iko na utamu wake.

Lakini zawadi hiyo ina bei, na bei yake ni joto. Wakati mwiko wa kwanza unazunguka haraka kuliko wa pili, tofauti haipotei hewani, inageuka moto ndani ya oili. Tuseme kwenye mpando motere inatoa kilowati 100, na upande wa pili zinafika 80. Zile 20 zimekwenda wapi? Ni sawa na pasi 20 za umeme za wati 1,000, zote zimewashwa ndani ya sufuria moja. Oili ikiwa kwenye digrii 80 au 90, iko sawa. Ikizidi 120 kwa muda mrefu, inaanza kuchoka haraka: inageuka rangi, inanuka kuungua, mipira ya ndani inakuwa migumu, diski zinateleza, na kuteleza kunaleta joto ingine. Hapo mduara umeanza, na mwisho wake ni gari kulia mahali ilipo.

Kwa hiyo hili ndilo neno ambalo nataka mrudi nalo nyumbani: otomatiki ya motere ya nguvu inauawa na joto zaidi ya kitu kingine. Mwenye kuchagua bwate bila kuchagua namna ya kuipoza, amechagua nusu.

MAPENDEKEZO MATATU YALIYO MEZANI

Komite iko na mapendekezo matatu. Nitayapitia moja moja. Bei mhasibu anazo, atawasomea yeye.

La kwanza: bwate ya Uvira, ya bei ndogo. Ni otomatiki ya vitesi 5, imeandikwa A750F, kama yetu. Muuzaji anasema imetoka kwa jeep ya esansi, motere ya V6 litre 4. Na alituambia neno lililowafurahisha wengi: “Motere ile ilikuwa na farasi 240 na zaidi, yenu iko na 200 tu. Hii bwate itabeba motere yenu kama mchezo.”

Sasa angalieni. Farasi za ile V6 ni nyingi, ni kweli. Lakini inazipata ikizunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika. Kukunja kwake ni karibu Nm 380. Yetu inazipata farasi zake kwenye karibu 3,400, na inakunja Nm 430. Kwa hiyo ile yenye farasi nyingi ndiyo inayokunja kidogo. Muuzaji labda hakutaka kutudanganya. Farasi ndiyo ilimdanganya yeye.

Na kuna zaidi. A750F ni jina la ukoo, si jina la mtu. Toyota wameiweka nyuma ya motere nyingi: V6 ya esansi, V8 ya esansi, ya mazutu ya silinda 4, na hii yetu ya silinda 6. Kengele ya mbele, pale bwate inapofungwa na motere, inabadilika. Konvertisere inabadilika, sababu ya esansi inataka kuzunguka juu, ya mazutu inafanya kazi chini. Hata idadi ya diski za ndani inaweza kutofautiana. Na kompyuta ya bwate inajua motere yake: ile ya esansi itangoja motere ipande juu ndipo ibadilishe vitesi, na motere yetu haifiki huko. Fundi anaweza kusema “itaingia tu, tutatoboa matundu mapya.” Itaingia, ndiyo. Kuingia si kukaa.

La pili: bwate ya Bujumbura. Imetoka kwa jeep ya motere kama yetu, mazutu, 1HD-FTE, iliyopata ajali kwa nyuma. Wanaitoa pamoja na konvertisere yake, kompyuta yake na nyaya zake. Bei iko juu, tena kuna kuivusha mpaka na kulipa dwani.

La tatu: kugeuza gari iwe ya ambreyaji. Si wazo la ovyo. Kiwanda chenyewe kilitoa Land Cruiser 100 ya mazutu kwa bwate ya ambreyaji ya vitesi 5, kwa hiyo vitu vinavyoshikana vipo. Lakini si bwate peke yake: ni volan, diski na plato, pedali ya tatu, pompa zake, na nyaya ambazo zinatakiwa zijue kwamba otomatiki haipo tena.

MANENO YA WENZETU WANAOTAKA AMBREYAJI

Nataka kuwatendea haki. Wanasema mambo matatu, na yote matatu ni ya kweli.

Kwanza, ya ambreyaji inasukumwa ikawaka. Baada ya niliyowaambia, siwezi kusema kwamba hilo ni jambo dogo. Pili, mekanisie yeyote wa hapa anaweza kubadilisha diski ya ambreyaji chini ya mwembe. Tatu, ikianza kuharibika inakuambia mapema na inakupa muda. Otomatiki iliyoungua inakuacha mahali ulipo.

Kama barabara yetu ingekuwa na mashofere watatu wenye afya, ningesema twende na ambreyaji, tufunge mkutano, tukale bugali.

Lakini shofere wetu mnamjua. Yuko hapa, na ameniruhusu kusema bila kutaja jina. Ni mtu anayejua kila shimo toka hapa mpaka Fizi, na toka hapa mpaka Uvira kupitia Mboko na Makobola. Mguu wake wa kushoto haukunjiki tangu 1998. Otomatiki haina kazi kwa mguu wa kushoto. Wa kulia peke yake unatosha. Ya ambreyaji ingemtoa kwenye kiti, na chama chetu kilianzishwa ili mtu aliyerudi asiambiwe kwamba nafasi yake imekwisha. Tena si huruma tu: hatuna mwingine anayemzidi. Shofere mbaya anaua bwate yoyote.

Nimesikia pia watu wakisema otomatiki ni gari ya wavivu, ya wamama wa mjini. Malori makubwa ya machimbo na mabasi mengi ya miji mikubwa duniani yanaenda kwa otomatiki. Hakuna uvivu pale.

PENDEKEZO LANGU

Mimi napendekeza la pili, bwate ya Bujumbura, lakini kwa masharti. Bila masharti haya, afadhali tungoje.

Sharti la kwanza: tuijaribu kabla ya kulipa. Oili yake iwe nyekundu, ama nyekundu iliyochoka kidogo. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, turudi nyumbani. Sahani ya chini ifunguliwe. Ndani kuna sumaku ndogo, na unga laini wa chuma juu yake ni kawaida, kama vumbi la miaka. Vipande vinavyokwaruza kidole si kawaida. Namba iliyoandikwa kwenye bwate ilinganishwe na ya bwate yetu iliyokufa, herufi kwa herufi. Fundi aende na ile sahani ya namba, asiende na kumbukumbu ya kichwa.

Sharti la pili: konvertisere yake ije pamoja nayo, na ile ya zamani isirudi ndani. Bwate yetu ilipokufa ilimwaga chuma kila mahali, na konvertisere imekunywa chuma hicho. Kuirudisha ni kumpa mtu mwenye afya kikombe cha mgonjwa.

Sharti la tatu: mabomba ya kupoza yasafishwe, na radiatere ibadilishwe. Kwenye gari nyingi, oili ya bwate inapita ndani ya radiatere ya maji ili ipoe. Mabomba hayo nayo yana unga wa chuma. Watu wengi wanafunga bwate mpya, wanasahau mabomba, na baada ya mwezi wanalaumu muuzaji. Tena radiatere ya zamani ikitoboka kwa ndani, maji yanaingia kwenye oili. Ukiona oili imekuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, simama hapo hapo. Diski za otomatiki haziwezi maji.

Sharti la nne: tuongeze radiatere ndogo ya oili, mbele, inayopigwa na upepo, na kipimo cha joto cha bwate pale shofere anaona. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bwate. Huu ndio ununuzi ambao wengine wataona ni wa anasa. Mimi naona ndio unaoamua kama tutakutana tena hapa kwa shida hii hii.

Sharti la tano: mtu asiguse turbo. Kuna kijana alisema anaweza kuongeza nguvu, tupate farasi 250. Nguvu ya motere inaongezwa kwa nusu siku. Nguvu ya bwate haiongezwi hivyo. Kila Nm anayoongeza kule mbele, diski za nyuma ndizo zitalipa.

Sharti la sita: batri mpya, demarere ikaguliwe, na nyaya nene za kuchukua moto toka gari ingine zikae ndani ya jeep kila siku. Mnajua kwa nini.

KUIENDESHA

Shofere wetu anajua mengi ya haya, lakini kila mwanachama anayepanda ayajue pia, sababu mara nyingi abiria ndio wanaompa shofere mashauri mabaya.

Kwenye mpando mzito, kama toka hapa kwenda Fizi na mzigo, ama siku tukipita Ngomo kwenda Bukavu, asiiache gari ichague yenyewe kila kitu. Barabara ikiwa ya udongo, mbovu na ya polepole, aweke gia ndogo ya 4x4, ile ya 4L. Gari itaenda polepole lakini konvertisere itateleza kidogo tu, na joto litashuka. Hesabu yake ni rahisi: vitesi ya kwanza ya bwate hii inazidisha mara 3.52, kwa hiyo Nm 430 zinakuwa karibu 1,500 hata kabla ya zawadi ya konvertisere. Ukiongeza 4L zinazidi tena. Nguvu ya kupanda tunayo. Tunachokosa ni subira.

Kwenye mteremko, mtu asiweke N ili kuokoa mazutu. Motere haitashika gari tena, fre zitabeba mzigo wote zitaungua, na bwate itaenda haraka bila kupata oili ya kutosha. Aweke 2 ama L, motere ishike.

Ikinasa kwenye matope, asikanyage kwa hasira huku magurudumu yamesimama. Sekunde chache za kukanyaga mpaka mwisho gari ikiwa haiendi zinatosha kupandisha oili kwenye joto la kuua. Tushuke, tuchimbe, tuweke majani na mawe. Tumekimbia vita kwa miguu, tunaweza kushuka kwenye gari dakika 20.

Ikifa njiani, isivutwe hivi hivi. Motere ikilala, pompa haipeleki oili, na gia zinasagana kavu. Bwate ya pili, ile ya 4x4, iwekwe kwenye N kwanza, ivutwe polepole na karibu. Safari ndefu, ibebwe juu ya kamyo.

Na mzigo. Jeep yenyewe tu ni karibu tani 2 na nusu. Magunia 10 yanayozidi juu ya kibali “kwa sababu ni ya shangazi wa mjumbe” yatalipwa na bwate. Daftari la mizigo likae kwa mwanachama asiye wa komite.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: Mwanangu, mavuno yako karibu. Ile ya Uvira ni nusu bei, na iko hapa karibu. Kwa nini tusiifunge sasa, tubebe mahindi, halafu tukipata makuta tununue ile nzuri?

Mama, hilo swali ndilo linaloumiza. Tumechanga dola 2 kila mwezi, mwaka na nusu, na wengine mlichanga siku ambazo nyumbani mlikula sombe tupu. Nikisema tungoje, najua ninasema nini. Lakini kazi ya kushusha na kupandisha bwate tutailipa mara mbili. Radiatere mara mbili, oili mara mbili, na oili yake ni zaidi ya litre 10 za namna ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu, si ya kuchanganya. Na ile ya Uvira ikifa, haitafia kwenye depo. Itafia njiani, na magunia yenu juu. Msimu huu tukodi kamyo kama mwaka jana. Tutalalamika, lakini mahindi yatafika.

Kijana mmoja aliuliza: Na otomatiki za mkanda, zile za gari ndogo za Ujapani, hazifai?

Kwa gari ndogo mjini zinaenda vizuri. Kwa tani 2 na nusu pamoja na mzigo, mazutu ya turbo na matope, hapana.

Papa mmoja aliuliza: Nani atakagua oili? Ule mradi uliotuachia jeep ulikuwa na watu wa kulipwa, na bado bwate iliungua.

Papa, umesema kweli. Kuna watu waliosema oili ya otomatiki ni ya maisha, haibadilishwi. Ni ya maisha ya bwate, ndiyo: oili ikifa, maisha ya bwate yamekwisha. Napendekeza tubadilishe sehemu ya oili kila kilomita 20,000, sababu barabara zetu si zile za kwenye kitabu. Ukifungua chini inatoka sehemu tu, ingine inabaki ndani ya konvertisere, kwa hiyo si kazi ya mara moja. Na kila Jumatatu ipimwe motere ikiwaka, gari mahali pa tambarare, oili ikiwa moto, baada ya kupitisha mkono kwenye P, R, N, D mpaka chini na kurudi. Anayepima aandike jina lake kwenye daftari. Jina la kwanza nitaandika mimi. Batri pia nitaipima mimi, kila Jumatatu, mpaka mtakaponiambia basi.